Bondia na Chuma: Mzozo wa Mazoezi ya Uzito Pwani ya Kusini

Jioni zikiingia Ukunda na Diani, vijana wengi hupiga chuma. Wengine wako kwenye jimu za kulipia zilizofuata hoteli na wageni. Wengine wako uani, chini ya mwembe, na vyuma vya kujitengenezea kwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Anayetafuta kifua cha kupendeza ufuoni na anayetafuta ushindi ulingoni hushika chuma kile kile kwa namna ile ile, mara nyingi kwa maelekezo ya mtu yule yule. Mkanganyiko unaanzia hapo.

Kijana wa ndondi akienda kwa kocha wa zamani huambiwa aachane na chuma, kitamkaza mabega na ngumi zitakuwa nzito kutoka. Akifungua simu yake anamwona bingwa wa dunia akichuchumaa na chuma kizito mgongoni. Anabaki na majibu mawili yanayopingana, na kwa kuwa hataki kumuudhi kocha wala kupitwa na wakati, anafanya yote mawili: asubuhi anakimbia na kupiga begi, usiku anapiga chuma kwa siri. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Ili kuona kwa nini, kila upande yafaa usikilizwe kwa haki.

Woga wa chuma ulitoka wapi

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, makocha wa ndondi karibu dunia nzima walikuwa na kauli moja kuhusu vyuma: viacheni. Bondia alikimbia barabarani, akaruka kamba, akapiga begi na kufanya sparingi. Jack Dempsey alipata nguvu zake migodini na kwenye kazi za sulubu kabla ya kuwa bingwa wa uzani mzito mwaka 1919. Muhammad Ali hakujenga mwili wake kwa vyuma. Aliyeonekana akiinua chuma enzi hizo alikuwa mtunisha misuli wa jukwaani, na kocha aliyemtazama mtu huyo akigeuka kwa shida aliona sababu tosha ya kukataa.

Afrika Mashariki iliurithi msimamo huo pamoja na mchezo wenyewe. Ndondi zetu zilikulia kwenye timu za jeshi, polisi, magereza na reli, na katika kumbi za jamii ambako kamba na begi vilikuwa ndivyo vifaa. Matokeo hayakuwa haba. Philip Waruinge alipata shaba kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akatunukiwa pia Kombe la Val Barker la bondia bora wa mashindano, kisha akapata fedha Munich mwaka 1972, zote katika uzani wa unyoya, yaani kilo 57. Robert Wangila aliileta dhahabu kutoka Seoul mwaka 1988 katika uzani wa kilo 67, baada ya kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Anayewataja wawili hawa ana haki ya kusema kwamba ngumi kali haihitaji mwili wa kutisha.

Lakini medali haithibitishi kwamba kila kilichoachwa kilikuwa hakina maana. Bondia wa enzi ile alikutana na wapinzani ambao wengi wao walilelewa kwa imani hiyo hiyo. Swali la leo ni tofauti: anayepanda ulingoni bila mazoezi ya uzito anakutana na mtu aliyeyafanya kwa mpangilio, chini ya mtu anayejua anachotafuta.

Mwaka 1985 ndipo ukuta ulipoanza kupasuka mbele ya umma. Michael Spinks, bingwa wa uzani mzito mwepesi, alipanda kumkabili bingwa wa uzani mzito Larry Holmes. Maandalizi yake yalikuwa chini ya Mackie Shilstone, mtu wa mazoezi na lishe ambaye wengi kwenye ndondi walimwona mgeni. Spinks alitoka kwenye kilo 79 hadi karibu 91, akashinda kwa pointi, na kuwa bingwa wa kwanza wa daraja lake kutwaa taji la uzani mzito. Miaka mitano baadaye Evander Holyfield, aliyejenga mwili akisaidiwa pia na mtunisha misuli mashuhuri Lee Haney, alimwangusha bingwa wa uzani mzito Buster Douglas katika raundi ya tatu. Tangu hapo kauli ya “chuma kinaharibu” haikuweza tena kusemwa bila ufafanuzi.

Ngumi inaanzia ardhini

Hoja yenye uzito zaidi upande wa wanaounga mkono haitokani na majina hayo makubwa. Inatokana na namna ngumi yenyewe inavyotengenezwa. Mwaka 1985 watafiti wa Kisovieti walichapisha uchambuzi wa mabondia 120 wa viwango mbalimbali, wakipima mchango wa miguu, kiwiliwili na mkono katika ngumi ya moja kwa moja. Kwa mabondia stadi, miguu ilichangia takriban asilimia 38 na mkono asilimia 24. Kwa wanaoanza, mambo yalipinduka: mkono ulibeba karibu asilimia 38 na miguu asilimia 16 hivi. Kukomaa kwa bondia, basi, ni kuhama polepole kutoka begani kwenda kwenye nyayo.

Sasa tazama kijana wetu wa Diani anafanya nini na chuma chake. Analala kwenye benchi na kusukuma chuma kifuani. Akimaliza anakunja mikono. Siku ya pili anarudia. Miguu haina siku yake kwa sababu haionekani akivaa kaptura. Amewekeza jasho lake lote kwenye sehemu inayochangia kidogo zaidi katika ngumi ya bondia aliyekomaa, na kila anavyozidi ndivyo anavyojifunza kupiga kama mwanagenzi. Kocha anayemwambia chuma kinamharibu amekiona kitu cha kweli. Amekosea jina la mkosaji tu.

Ushahidi mwingine ulitoka Brazil mwaka 2016, ambako timu ya mabondia wa ridhaa wa kiwango cha juu ilipimwa. Waliokuwa na nguvu nyingi za kulipuka, kwenye kuruka kutoka kuchuchumaa na kwenye kusukuma chuma kwa kasi, ndio waliopiga ngumi nzito zaidi. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba ukimpa bondia yeyote chuma atapiga vizuri. Lakini unaivunja dhana kwamba nguvu na ngumi ni maadui.

Hoja ya kasi, na ukweli ulio ndani yake

Wanaopinga hujibu kwamba ulingoni hakuna muda wa kukusanya nguvu, na hapa wamesimama mahali pagumu kuwatoa. Misuli huchukua muda kufika kilele cha nguvu zake, zaidi ya sehemu tatu za kumi za sekunde katika juhudi nzito, na kabla ya hapo ngumi nyingi huwa zimeshafika au zimeshakosa. Bondia anayeinua mzigo mkubwa polepole, mwezi baada ya mwezi, anaufundisha mwili wake kuwa na nguvu polepole. Tena misuli inayofupika kwa kasi kubwa hutoa nguvu kidogo kuliko inayofupika polepole. Ni kanuni ya mwili inayojulikana tangu miaka ya 1930, na hakuna mazoezi yanayoifuta.

Kuna pia gharama ya pumzi. Mwaka 1980 Robert Hickson alichapisha jaribio la wiki kumi: kundi lililofanya mazoezi mazito ya nguvu pamoja na mazoezi makali ya pumzi liliongezeka nguvu mwanzoni, kisha nguvu zikasimama na hata kurudi nyuma, huku kundi la nguvu peke yake likiendelea kupanda. Bondia ndiye hasa mtu anayefanya yote mawili. Pambano la ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu kila moja, na mikono iliyochoka ikishuka kidevuni katika raundi ya tatu, haijalishi iliinua kilo ngapi wiki iliyopita.

Hata hivyo hoja hizi zinahukumu namna ya kuinua. Kuinua kwenyewe hazikugusi. Mzigo wa wastani unaosukumwa kwa kasi yote aliyo nayo mtu, kwa marudio matatu hadi sita, ukiwekwa chini kabla kasi haijashuka, hufundisha kitu tofauti kabisa na marudio kumi na mawili ya kuvimbisha msuli hadi uungue. Wiki za mwanzo za mazoezi mazuri ya nguvu huleta faida kubwa bila msuli kunenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja. Hiyo ndiyo nguvu anayoihitaji bondia: isiyopanda kwenye mizani.

Mizani haidanganyi

Tofauti kubwa kati ya ndondi na raga, au kati ya bondia na mlinzi wa mlangoni, ni kwamba bondia hupimwa. Kila kilo anayoibeba lazima ijilipie. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 madaraja ya wanaume yalikuwa machache na yenye mapengo mapana: kutoka kilo 57 unakwenda 63.5, kisha 71, kisha 80. Kwa madaraja kama hayo, kijana wa kilo 63 aliyenenepa misuli kilo tatu hana pa kujificha. Ama azikamue kwa njaa na kiu, na bondia wa ridhaa hupimwa asubuhi ile ile ya pambano, asiwe na muda wa kurudisha maji. Ama apande kwenye kilo 71 na kukutana na watu warefu na wazito kuliko yeye.

Roy Jones ni funzo chungu la jambo hili. Machi 2003 alipanda hadi uzani mzito na kumshinda John Ruiz. Alipima kilo 87 na nusu hivi. Kisha akazikamua kilo kama nane kurudi kwenye daraja lake la zamani, akaponea chupuchupu dhidi ya Antonio Tarver mwaka huo huo, na Mei 2004 akaangushwa na Tarver katika raundi ya pili. Umri pia ulikuwa umemfikia, alikuwa na miaka 35, kwa hiyo lawama zote si za kilo. Lakini misuli ni rahisi kuiweka kuliko kuitoa, na mwili hukumbuka ulivyotolewa.

Anthony Joshua naye hutajwa kila mahali. Juni 2019 alipanda ulingoni New York akiwa na kilo 112 na kuangushwa na Andy Ruiz; Desemba mwaka huo huo, Saudi Arabia, alirudi akiwa mwepesi kwa zaidi ya kilo nne, akamzunguka Ruiz raundi zote 12 na kushinda. Wapinzani wa chuma huishia hapo. Hawaendelei kusema kwamba Ruiz, aliyemwangusha mara ya kwanza, alikuwa mzito kuliko yeye mara zote mbili, wala kwamba mara ya pili Ruiz mwenyewe alikuja ameongeza kilo nyingi. Mfano huu hauwezi kubeba mzigo unaotwikwa.

Mfano wa karibu na sisi ni mzuri zaidi. Hassan Mwakinyo wa Tanga, mtu wa ng’ambo tu ya mpaka wa Lunga Lunga, alimsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham tarehe 8 Septemba 2018, katika daraja ambalo kikomo chake ni kilo 69.85. Mizani ilikuwa imekwisha kuwasawazisha. Kilichobaki kuwatenganisha kilikuwa kasi ya kuitoa nguvu na saa ya kuitoa. Kijana wa Vanga au Msambweni anayetaka mfano aangalie pambano lile na ajiulize ni kilo ngapi za kifua zilihitajika.

Anayebeba mawe mchana

Mjadala huu unapoagizwa kutoka nje huja bila kitu kimoja muhimu. Vitabu vya mazoezi humchukulia bondia kama mtu aliyekaa siku nzima. Bondia wa Kwale mara nyingi amekuwa timboni tangu alfajiri akipakia matofali ya mawe ya matumbawe kwenye lori. Au amesukuma mkokoteni wa maji. Au ameamka usiku kuvuta juya, na mchana akashusha mifuko ya saruji. Huyu amekwisha kuinua uzito kabla hajafika mazoezini.

Kazi hizi zina faida yake, na kocha mwerevu huijua. Kuvuta juya ni mgongo, makalio na mshiko wa mikono, sehemu zile zile zinazofungua na kufunga ngumi. Mgema anayepanda mnazi ana vidole na mabega ambayo mashine ya jimu haiyatoi kwa urahisi. Ila kazi ya kibarua huendeshwa kwa mwendo wa kuhimili siku nzima, na hakuna anayerusha jiwe kwa kasi yote aliyo nayo wakati yako mia yanayosubiri. Hivyo mwili unapata uvumilivu na ugumu, wala haupati mlipuko. Na unachoka. Kumwongezea mtu huyu saa nzima ya kuvimbisha misuli usiku ni kumchosha mara mbili kwa faida ya kioo.

Anachohitaji ni kile kazi yake isichompa: miruko michache ya nguvu, kurusha kitu kizito kwa kasi, kuchuchumaa na mzigo wa wastani na kuinuka kama aliyeshtuliwa, kisha kulala. Dakika thelathini zinatosha. Miruko hiyo asiifanye kwenye mchanga mkavu peke yake. Mchanga wa Diani huilinda miguu na mishtuko, lakini humeza ule mrejesho wa ghafla wa kifundo cha mguu ambao bondia huutegemea kuingia na kutoka. Maji yakitoka, mchanga mbichi ulioshikana unafaa zaidi, na kamba irukwe mahali pagumu.

Chuma cha saruji

Vyuma vya kujitengenezea havina aibu, ila vina hesabu yake. Kopo la rangi la lita nne likijazwa zege lenye kokoto huwa na kilo 9 na nusu hivi. Likijazwa saruji na mchanga tu hupungua kwa takriban kilo moja. Ndoo ya lita ishirini hukaribia kilo 48. Mtu akimwaga kopo moja leo na la pili wiki ijayo kwa mchanganyiko mwingine, ana bomba ambalo upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, na hatagundua mpaka bega moja lianze kuuma. Dawa ni rahisi: yapelekwe kwenye mizani ya duka la nafaka au ya korosho, yapimwe, yaandikwe kilo kwa rangi. Bila namba hakuna anayejua kama anaendelea au anarudi nyuma.

Hatari nyingine ni ya mabega. Bondia husukuma mbele siku nzima, jabu baada ya jabu. Akiongeza benchi kila siku bila kujivuta kwenye bomba wala kuvuta mzigo kuelekea kiunoni, mabega huvutwa mbele na kubana, mkono usinyooke vizuri. Ule “mkazo” anaoulaumu kocha wa zamani huja hivi, na kwa kila zoezi la kusukuma, mawili ya kuvuta huutibu.

Wazazi wengi huogopa pia kwamba mtoto akiinua chuma atadumaa. Mazoezi ya nguvu yenye usimamizi, kwa mizigo ya kiasi, hayazuii urefu. Madaktari wa watoto wanakubaliana juu ya hilo. Kinachomdhuru mtoto ni mzigo usiomstahili na kukosa mtu wa kumwangalia.

Sahani, jua na mfungo

Msuli hujengwa mezani, na sahani ya wengi ina ugali au muhogo mwingi na kitoweo kidogo. Mahamri na mbaazi ni kiamshakinywa kizuri kwa sababu ya mbaazi. Maharagwe, dagaa na mayai hufanya kazi ile ile ya unga wa kopo unaouzwa kwa bei ya kuumiza. Anayepiga chuma kwa bidii na kula wanga mtupu hachumi nguvu, anakusanya maumivu.

Joto la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, halina huruma kwa mwili mkubwa: misuli mingi huzalisha joto jingi, na hewa ya pwani iliyojaa unyevu hukataa kukausha jasho. Mwezi wa Ramadhani, ambao wengi wa vijana wa Kwale huufunga, kazi nzito ihamie baada ya futari au tarawehe, marudio yapunguzwe, na lengo liwe kulinda kilichopatikana. Kutafuta nguvu mpya mchana wa mfungo, bila maji, ni kujitafutia jeraha.

Uzito wa hoja

Ukiziweka hoja pamoja, upande wa chuma unashinda, kwa masharti ambayo watu wake wengi hawayatimizi. Mazoezi ya uzito humsaidia bondia yanapofanywa mara mbili kwa wiki, miguu na mgongo kwanza, mzigo ukienda kwa kasi, katika miezi ambayo hana pambano, kisha yakapunguzwa sana katika siku kumi hadi kumi na nne za mwisho. Humdhuru yanapochukua nafasi ya begi, kamba na sparingi, yanapomvusha daraja lake, au yanapomwingilia usiku baada ya kazi ya timboni. Anayeanza kabisa, ambaye bado hajui kusimama, hana haja nayo bado. Miezi yake ya kwanza ni ya nyayo.

Makocha wa Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, lililo muhimu kuliko kukataza ni kuwaondoa vijana kwenye kuinua kwa siri. Mpimeni kila mmoja asubuhi moja ya kila wiki, andikeni kilo zake, na hesabuni ngumi anazotoa kwenye begi katika raundi ya tatu. Kilo zikipanda na ngumi zikapungua, ondoeni chuma wiki hiyo hiyo. Kilo zikitulia na ngumi zikaongezeka, mwacheni aendelee.